Simu isiyo na waya ziko nyingi, jua unanunua ipi kabla hujatoa hela

Ukiingia duka la simu hapa Dodoma mjini, iwe Majengo iwe Machinga Complex, ukasema tu "naomba simu isiyo na waya", muuzaji anaweza kukuwekea mezani vitu vinne tofauti kabisa na kila kimoja akakuapia ndo chenyewe, na wala hatakua amekudanganya. Kuna ile ya mezani yenye mkonga unaotembea nao ndani ya nyumba, wengi wanaiita kodlesi. Kuna ya mezani inayotumia laini kama ya mkononi. Kuna ya mkononi yenyewe, kuanzia kitochi mpaka hizi tachi za kamera tatu. Alafu kuna redio kolu, zile za walinzi, ambazo watu wanaziita simu wakati sio simu.

Usizitofautishe kwa umbo maana umbo linachanganya sana siku hizi, kuna simu ya laini imetengenezwa ikafanana kabisa na simu ya ofisini ya zamani, mkonga wenye waya wa kujiviringisha na vibatani vikubwa, na kuna kodlesi ina kioo cha rangi ukiiona mfukoni mwa mtu utasema kitochi kipya. Swali la kumuuliza muuzaji, au kujiuliza mwenyewe kama muuzaji hajui na wengi kwa kweli hawajui, ni moja tu: hii simu inaongea na nani? Kwa sababu hakuna simu ya mfukoni inayorusha sauti yenyewe kutoka Nzuguni mpaka Kondoa, lazima kuna wa karibu anaipokelea ndo anapeleka mbele. Kodlesi inaongea na kitako chake kilichopo hapo hapo nyumbani. Simu ya mkononi na ile ya mezani ya laini zinaongea na mnara. Redio kolu zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Ukishajua hilo mengine yote yanakuja yenyewe, itafika umbali gani, umeme ukikatika itakuaje, na hela ya kuongea utamlipa nani.

Tuanze na kodlesi maana ndo inayowachanganya watu

Kodlesi haijitegemei. Ni simu ya mezani ya kawaida, ile ya waya wa TTCL ukutani, ila mkonga wake umeachiwa huru. Kile kitako kinachokaa mezani kina waya mbili, mmoja wa umeme na mwingine unaingia kwenye laini ya simu ya mezani, namba zile zinazoanza na 026 ambazo tunatumia Dodoma na wenzetu wa Singida, Tabora na Iringa. Mkonga unapelekeana mawimbi na kitako, kitako kinamalizia kazi kwa waya. Kwa hiyo "isiyo na waya" ni mkonga tu.

Kuna mzee mmoja wa Mvumi alikuja dukani kwa jamaa yangu mimi nikiwa nimekaa hapo pembeni. "Shikamoo mzee, karibu." "Marahaba mwanangu. Nataka simu isiyo na waya ya kukaa nyumbani mezani, hizi za mfukoni bibi yako anazisahau kila mahali." Jamaa akamtolea kodlesi nzuri kweli, mikonga miwili, bado iko kwenye nailoni. Nikaona niulize, "Mzee, samahani, huko nyumbani waya wa simu umefika?" Akaniangalia. "Waya wa nini tena, si nimesema isiyo na waya?" Unaona sasa. Angebeba lile boksi mpaka Mvumi, akalichomeka kwenye umeme, kitaa kikawaka vizuri tu, na asingepiga simu hata moja mpaka kiama. Alichokua anakitaka mzee ni ya mezani ya laini, tutaifikia.

Kama waya unao, au umefungiwa intaneti ya faiba na kile kiboksi chake kina tundu dogo la simu (linafanana na la waya wa intaneti ila ni jembamba zaidi, na usichomeke tu, waulize waliokufungia kama hiyo huduma ya sauti wameiwasha), basi kodlesi ni kitu kizuri sana hasa kwa ofisi na kwa wenye lodge. Kitako kimoja kinabeba mikonga kadhaa, nyingi zinaenda mpaka sita, na mikonga inapigiana yenyewe kwa yenyewe bure kabisa, haigusi laini ya nje. Ukiwa na lodge Area C au Ilazo, kipindi kile cha Bunge la bajeti kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni vyumba vyote vimejaa, mapokezi anampigia jikoni, jikoni anampigia mtu wa nguo, hakuna kupiga kelele koridoni na hakuna vocha inayoliwa.

Umbali sasa. Kodlesi za kisasa zinatumia mfumo unaoitwa DECT, ulipitishwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 90, unakaa kwenye masafa ya 1880 mpaka 1900 MHz na nguvu yake ni ndogo sana, wastani wa miliwati 10 tu. Boksi litakwambia mita 300. Hizo 300 ni uwanjani, unaonana na kitako, hakuna ukuta. Ndani ya nyumba weka 50, na nyumba zetu za tofali za bloku zenye nondo, slabu na mageti ya chuma hata hizo 50 usizitegemee. Weka kitako katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na mabati na mbali na friji, sio chini ya ngazi kwa sababu tu ndo soketi ilipo, utapata vyumba viwili zaidi bila kununua chochote.

Kingine watu hawaambiwi: umeme ukikatika kodlesi inakufa hapo hapo. Mkonga una betri ndio, utawaka, utaona na saa, lakini kitako kimezimika sasa unaongea na nani? Simu ya zamani ya waya mtupu haina shida hiyo kwa sababu inakula umeme unaokuja na waya wa simu wenyewe kutoka kituoni, kama volti 48 hivi, ndo maana zamani mji mzima unakua giza na simu ya ofisini inalia. Kama laini yako ni ya waya wa shaba nunua na kisimu cha waya cha bei chee ukifiche kwenye droo, siku ya giza unakichomeka. Kama ni ya faiba hiyo haitakusaidia, mwanga hauji na umeme, hapo unatafuta kiboksi cha betri cha kuwasha ruta na kitako pamoja.

Na betri zake. Mkonga mara nyingi unakula betri mbili ndogo zile za rimoti, saizi AAA, lakini za kuchaji, zimeandikwa NiMH na 1.2V. Zikichoka usiende dukani kwa Mangi ukanunua betri za rimoti za kawaida ukaziweka, zitafanya kazi siku hiyo ndio, alafu kitako kitaanza kuzichaji na hizo hazichajiki, zinavimba na kumwaga maji yake humo ndani. Angalia maandishi kabla hujalipa.

Kodlesi ya mtumba kutoka Marekani, usiiguse

Hili nalizungumzia kwa kirefu kidogo maana zinaletwa na ndugu zetu kutoka nje wakidhani wanatusaidia, na kwa nje ni nzuri kuliko zinazouzwa hapa. Geuza kitako chini usome ile lebo. Ukikuta imeandikwa DECT 6.0, hiyo ni ya Marekani. Hiyo 6.0 wala sio toleo jipya kuliko DECT ya kawaida, ni jina tu la biashara la kwao. Shida ya kwanza ni adapta, ya kwao ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye 230 zetu utasikia harufu kabla hujasikia mlio wa simu. Hiyo unaweza kuitatua kwa adapta nyingine.

Shida ya pili haitatuliki. Ya Marekani inarusha kwenye 1920 mpaka 1930 MHz. Hapa kwetu simu za mkononi za 3G zinapoongea na mnara zinatumia 1920 mpaka 1980. Kwa hiyo mkonga wako unapiga kelele ndani ya masikio ya mnara, mnara unapokea mawimbi hafifu ya simu za watu na wewe uko hapo hapo unamwaga yako, majirani mtaa mzima wanashangaa mbona ile H ya intaneti juu ya kioo inapanda na kushuka, na mamlaka wakija na vifaa vyao kutafuta chanzo wanakuja mpaka mlangoni kwako. Ya Ulaya haina tatizo hilo kwa sababu masafa yake yapo kwenye kauwazi kati ya 2G ya 1800 na 3G.

Na ukikuta ya zamani zaidi, yenye antena ndefu ya kuvuta, lebo inasoma 46/49 MHz au 900 MHz bila neno DECT wala neno dijitali, hiyo weka kwenye kabati la makumbusho. Sauti yake inatoka wazi wazi, mtu mwenye redio ya kupekua masafa anasikiliza mazungumzo yako yote, na zile za mwanzo kabisa hata mkonga wa jirani uliweza kupiga simu kupitia kitako chako ukalipa bili wewe.

Kuunganisha mkonga na kitako

Ukinunua boksi jipya vinakua vimeshaunganishwa. Ukinunua mkonga wa ziada, au mtumba, fanya hivi. Chaji mkonga kwanza usiku kucha, ukiwa na chaji nusu nusu utadhani umeharibika. Kwenye kitako kuna kibatani kimoja, mara nyingi ndo hicho hicho cha kuutafuta mkonga ukipotea, kibonyeze na kukishikilia sekunde kadhaa mpaka kitaa kianze kupepesa au kitoe mlio. Bila kuchelewa, kwenye mkonga ingia menyu, tafuta sehemu ya kusajili, utaombwa namba ya siri, jaribu 0000 maana karibu zote zinatoka kiwandani hivo. Ikikubali, mkonga utaonyesha namba yake, 1 au 2 au 3. Ikikataa, sogea karibu na kitako urudie, kitako kinasubiri muda mfupi tu alafu kinafunga mlango.

Mkonga wa kampuni moja na kitako cha kampuni nyingine vinaweza kuelewana kama vyote vimeandikwa GAP kwenye lebo au boksi. Utapiga na utapokea. Majina ya kwenye kitabu cha simu na mambo mengine ya ziada usiyategemee.

Ya mezani ya laini

Hii ndo ya mzee wetu wa Mvumi. Kwa nje simu ya mezani, kwa ndani kitochi. Nyuma au chini ukifungua kuna sehemu ya laini na kuna betri, na kwa pembeni kakinyoya ka antena. Inaongea na mnara, kwa hiyo haihitaji waya wowote zaidi ya chaja, umeme ukikatika betri yake inaendelea, na ukihama unabeba unaenda nayo, namba haibadiliki. Namba yake ni ya 07 au 06 kama ya mkononi, sio 026. Unaiwekea vocha, unasajili laini kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole kama laini nyingine yoyote.

Kwa nyumba yenye wazee naipenda kuliko kitochi. Namba ni kubwa, mkonga unajulikana unashikwaje, haipotei kwenye mfuko wa kitenge, na mlio wake unasikika mpaka uani. Zahanati, maduka, ofisi za kata, vituo vya mabasi, wote inawafaa. Nyingi ni za 2G tu, na kwa kuongea 2G inatosha.

Vitu viwili tu vya kuangalia. Kwanza weka laini yako mwenyewe pale pale dukani upige, kwa sababu nyingine zimefungwa kwa mtandao mmoja. Pili, soma lebo, ukikuta CDMA achana nayo hata kama unapewa na soda juu. Zile zilikuja miaka ya 2000, nyingi hazina hata sehemu ya laini, namba iliingizwa ndani na kampuni, leo ni uzito wa kushikia makaratasi.

Ya mkononi

Hapa kila mtu anajiona fundi kwa hiyo nitagusa yale ambayo watu wanayakosea.

Kitochi kwanza. Tangu Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, kazi yake ni ile ile, kupiga, kupokea, meseji na tochi. Betri yake ya BL-5C ina kama mAh 1,000 tu wakati tachi yako ina 5,000, na bado kitochi kinakaa siku nyingi na tachi inaomba chaji jioni, maana kitochi hakina kioo kikubwa wala vitu vinavyofanya kazi kimya kimya nyuma ya pazia. Na M-Pesa na Airtel Money na wenzao zinapiga kazi humo bila bando, ukibonyeza *150*00# hiyo inasafiri kwenye njia ya ishara za mnara, sio kwenye intaneti. Kwa anaeenda shamba Hombolo au Mpunguzi kukaa wiki nzima kwenye zabibu, mimi nasema beba kitochi, tachi acha nyumbani.

Kati ya kitochi na tachi kuna hizi za vibatani zenye intaneti, zinatumia mfumo wa KaiOS, zilishika sana 2019 WhatsApp ilipoingia humo. Muuzaji atakwambia mpaka leo ina WhatsApp. Haina. 2024 WhatsApp waliizuia kupakuliwa upya kwenye KaiOS na mwanzoni mwa 2025 wakaizima hata kwa waliokua nayo. Kama unanunua kwa ajili ya WhatsApp, hapo unaongeza hela unachukua Android ya bei ya chini, hakuna njia nyingine.

Alafu masafa. Simu ya mkononi ikishindwa kuelewana na minara ya kwetu ni toy tu yenye kamera. 2G hapa ni 900 na 1800 MHz, 3G ni 2100 na sehemu nyingine 900, 4G kutegemea kampuni utakuta 700, 800 na 1800, kwenye boksi zinaandikwa B28, B20 na B3. Marekani 2G na 3G zao zilikua 850 na 1900. Kwa hiyo simu ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya kule tu inaweza kuwaka vizuri, ikaweka picha vizuri, na vijiti vya mtandao visipande. Kabla ya kulipa ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, chukua namba kamili ya modeli, itafute mtandaoni usome masafa yake, namba kamili nasema, maana jina moja la simu linakua na modeli tatu nne za nchi tofauti. Na wapenzi wa iPhone, kuanzia 14 zile zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini isiyo na kadi inayoingizwa ndani ya simu, sasa jiulize kama laini yako umeshaibadilisha.

Laini mbili. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja ndani inayogawana muda. Ukiwa unaongea na laini ya kwanza, ya pili haipo hewani, anaekupigia anaambiwa haupatikani na wewe huoni hata misdi kolu mpaka meseji ije baadae. Kama laini ya pili ndo ya biashara, wateja wanapotea hivo hivo kimya kimya. Weka uhamisho wa simu kutoka laini moja kwenda nyingine, au fanya kama bodaboda wetu wengi, tachi moja na kitochi kimoja, mimi nawaona wana akili sana.

Zile herufi juu ya kioo nazo zina maana. G na E ni 2G, 3G na H na H+ ni familia moja, alafu 4G na 5G. Ukiona uko 4G na ukipigiwa simu tu inashuka kuwa H au E na bando linasimama, simu yako au laini yako haijawashiwa kuongea juu ya 4G, kitu kinaitwa VoLTE, angalia kwenye mipangilio ya laini kama kuna kiswichi chake.

Ukitoka nje ya mji, Bahi kwenda Manyoni au Chemba ndani ndani, mawimbi ya chini kama 900 na 800 yanafika mbali kuliko 2100, ndo maana kitochi cha jirani kinaongea na tachi yako iko kimya inatafuta 4G na kumaliza betri. Ingia mipangilio ya mtandao uchague 2G pekee kwa muda, uongee, alafu urudishe. Ila hata tambarare namna gani usitegemee muujiza, 2G ya kawaida ina ukuta wake kwenye kilomita 35 kutoka mnarani, na sio kwa sababu nguvu imeisha, ni muda. Simu zinapeana zamu za kuongea na mnara, kila moja na kipande chake kidogo sana cha sekunde, na ukiwa mbali zaidi ya hapo sauti yako inachelewa mpaka inaingia kwenye zamu ya mwenzako. Panda kilima unavyotaka, vijiti vitasoma na simu haitatoka.

Redio kolu na simu za setilaiti, kwa ufupi

Redio kolu hazina mnara wala kitako wala vocha, unabonyeza unaongea, unaachia unasikiliza, na kila alie kwenye chaneli hiyo anakusikia, kwa hiyo siri usipeleke humo. Ni kilomita chache tu, kwenye majengo zinapungua zaidi. Kwa mafundi wa ghorofa kule Mtumba au kwa walinzi ni sawa kabisa, ila zile zenye nguvu zinahitaji kibali cha masafa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usiagize tu ukaanza kuongea.

Ya setilaiti ni kwa watu wa mapori, Rungwa na Kizigo huko, mahali mnara hauonekani hata ndotoni. Iridium kwa mfano wana setilaiti 66 zinazozunguka kama kilomita 780 juu. Lazima utoke nje uione mbingu, ndani ya nyumba haishiki, dakika zake ni ghali, na nayo inataka kibali.

Ukishachagua, kabla hujatoa hela

Kwa kodlesi, mwambie muuzaji achomeke kitako kwenye umeme, ushike mkonga, uombe na mkonga wa pili kama upo, mtu mmoja abaki dukani wewe utoke nje mpaka duka la tatu la nne huku mnapigiana. Ukisikia mikato mita kumi tu, rudisha. Kama dukani kuna laini ya simu ya mezani iunganishe usikilize ule mlio mrefu.

Kwa kila kinachotumia laini, iwe ya mezani iwe ya mkononi, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, ya laini mbili zinatokea namba mbili. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi na iliyoandikwa chini ya betri kama betri inatoka, alafu itume kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa ni ya simu gani. Ukiwa umeshika Samsung na jibu linakuja na jina la kampuni nyingine, mrudishie mwenyewe taratibu. Wanaokumbuka katikati ya Juni 2016, TCRA walipozima simu feki zote nchi nzima usiku mmoja, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ukimaliza kusajili laini mpya bonyeza *106# uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua usiipotezee, nenda dukani kwa mtandao husika na kitambulisho chako waiondoe siku hiyo hiyo.